Leseni ya Jimbo Nililolihama

Miaka ya tisini, tukiwa tumeshahamia Toronto, fomu ya kuhuisha leseni yangu ya udaktari ilifika kutoka jimbo la mashamba ya ngano, magharibi mwa Kanada, nilikoanzia kazi. Niihuishe au niiache? Ya Ontario, jimbo la Toronto, nilikuwa nayo, na kule sikuwa na mgonjwa hata mmoja.

Mke wangu aliisoma mara mbili, akanitazama. “Baba Watoto, unataka kurudi kwenye mashamba ya ngano bila sisi?”

“Akiba haiozi,” nikamjibu.

“Akiba ya mchele naijua. Hii ni ya mlango wa kutorokea!”

Nilicheka, yeye hakucheka. Basi nikamweleza taratibu: ukiiacha leseni ife yenyewe, huko mbele utaulizwa kwa nini ilikufa. Ukiirudisha kwa barua ya kuaga, bodi ya madaktari ya kule itaandika kwamba uliondoka vizuri, na ukiihitaji unaomba upya.

“Kumbe njia unaijua. Mbona hukuanza na hiyo?”

Hapo nilikiri kwamba siku nyingine, kazi ikinielemea, niliwaza kwenda kule peke yangu. Akanisogezea kalamu. Niliandika barua ya kuaga mbele yake, naye akaifunga bahasha mwenyewe.