Mbuzi za Ntheo na Maji ya Kisima

Injini ya boti inakojoa. Ndivyo tunavyosema kwetu kwenye mto Athi, chini ya Ikutha, na hakuna anayecheka. Inavuta maji ya mto ijipoze, halafu inayatoa nyuma kwa tundu dogo. Ukiendesha, jicho lako halitoki hapo. Mkojo ukiwa mnene, una amani. Ukikonda, anza kuomba.

Siku niliyopeleka mbuzi za ntheo, ulikonda.

Kwetu Ukambani, kama hujafikisha mbuzi hizo tatu kwa wazazi wa msichana, hata mkizaa na mkajenga, bado si wako. Wangu kwao ni ng'ambo, upande wa Makueni. Mvua ilikuwa imejaza mto, na boti ya kuvusha watu ilikuwa yangu na binamu yangu. Nilikuwa nimejisifu sana kwa huyo msichana. Nilimwambia siku moja nitanunua boti ya pili yenye viti laini na redio, watu watoke hata Mtito Andei kuja kuipanda tu. Alicheka, akaniambia nianze na mbuzi. Wazee wao walitaka tufike kabla jua halijazama. Wengine walikuwa wametoka mbali, na wakishatawanyika, kuwakusanya tena kungengoja msimu mwingine.

Tulipakia mbuzi, miguu imefungwa. Mjomba wangu, msemaji wetu, akakaa mbele na suti yake ya kanisa. Katikati ya mto nikageuka kuangalia: mkojo kama uzi. Nikaangalia tena, matone. Niligusa kifuniko cha injini, nikaondoa mkono mbio.

Nikizima, mto unatubeba, na kule chini kuna mawe na mamba. Nisipozima, injini inakufa na sisi tukiwa hapo hapo. Nikazima.

“Mwanaa,” mjomba akasema bila kugeuka, “umebadilisha mawazo juu ya huyu msichana?”

Ningecheka siku nyingine. Tulishika makasia, binamu na mimi, tukapiga mpaka tukakwama kwenye kisiwa cha mchanga. Jua lilikuwa limeanza kuinama. Binamu aliona ni kile kigurudumu cha mpira kinachovuta maji, kwamba kimekatika, na kingine hatukuwa nacho. Mimi akilini niliona wazee wakichukua fimbo zao na kofia zao, mmoja mmoja.

Nilichomoa waya uliofunga kengele kwenye shingo ya mbuzi mmoja, nikachokoa lile tundu. Kikatoka kipande cheupe, kigumu, kikaanguka kiganjani. Nilikitambua. Ndicho kinachoganda ndani ya birika la mwaitu, mama yangu, na ndani ya kila birika kwetu.

Kila jioni tulikuwa tunaisafisha injini ndani kwa maji ya kisima cha pampu. Ya mto yana mchanga. Ya mvua ni ya wageni na ya wagonjwa. Nani atamwagia injini maji ya mvua? Ya kisima yanang'aa, tukayaona safi, na chumvi yote ile tunaionja kila siku.

“Tumekuwa tukiinywesha chumvi,” binamu akasema polepole.

Nilingoja ipoe, nikavuta kamba. Ikawaka. Tone, tone, kisha maji ya moto yakaruka na vipande vyeupe. Hayakuwa mengi, lakini yalitoka. Tukaenda taratibu. Sikuangalia ng'ambo hata mara moja; niliangalia ule mkojo tu, mpaka nikasikia boti ikigusa ukingo na mtu akipokea kamba.

Wazee walikuwa bado wamekaa. Mbuzi zikapokelewa. Mjomba akaisimulia safari, chumvi na yote, na kuiongezea mamba wawili, na mimi nikala nikifikiria kurudi.

Asubuhi tukiondoka, mama yake msichana alijaza mtungi kwenye tangi la maji ya mvua, akaubeba mwenyewe hadi kwenye boti. Nilimshukuru, nikamwambia ya kunywa tunayo.

“Si yenu,” akasema. “Ni ya mashini. Mtoto wangu ataipanda hiyo.”

Nilivuka nimeubana mtungi kwa magoti, jicho nyuma.