Mahindi Yaliyokufa kwa Jua

Wiki iliyopita mjukuu wangu alikuja hapa mjini Baraka kwa likizo na kitabu cha sheria kizito kuliko mtoto mchanga. Alikuwa akikariri jikoni huku mimi nikitwanga majani ya muhogo ya sombe: mtu akimletea mwenzake hasara kwa kosa lake, sharti airekebishe. Kuna mambo matatu ya kuthibitisha, akasema: kosa, hasara, na uzi unaoviunganisha.

"Koko, ule uzi unanishinda. Nipe mufano."

Mchi ukanisimama mkononi. Somo hilo mimi nililipata kijijini kwetu Lubondja, miaka ya hamsini, kabla sijajua kusoma, na mwalimu wangu alikuwa ng'ombe.

Basi sikia nawe, rafiki yangu. Bibi yangu alikuwa na shamba la mahindi kando ya njia inayoteremka kutoka mlimani. Kila siku ya soko mama mmoja wa wafugaji wa huko juu aliteremka na kibuyu cha maziwa ya mgando yanayonukia moshi, naye bibi alimpa unga wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani. Kiswahili chao wote wawili kilikuwa cha kuokotaokota, lakini walicheka mpaka wakashika mbavu. Kazi yangu mimi ilikuwa kulamba kizibo cha kibuyu.

Kiangazi kimoja, mahindi yakikaribia kuvunwa, ng'ombe wa mama yule waliingia alfajiri. Tuliamka tukakuta shamba limelala chini. Bibi alilia kwa sauti, kisha akajifunga kitenge akaenda kushtaki kwa wazee. Mimi nililia kwa ajili ya maziwa. Wazee wakiamua kwa ukali, mama yule angenyang'anywa ndama na asingekanyaga tena kwetu. Na bibi akinyamaza, tungekula nini?

Kwetu hasara haikuamuliwa watu wakiwa wamekaa. Wazee waliwapeleka wote wawili shambani, wakatembea mstari kwa mstari, kila bua likatazamwa na pande zote mbili: hili limekatwa na meno, hili limevunjwa na kwato. Bibi kwa hasira zake akatia kwenye fungu la hasara yake hata mabua makavu ya pembeni. Mzee mmoja akayachomoa taratibu.

"Mama, hii ilikufa na jua. Ngombe haikuua hii."

Uzi wenyewe ndio huo, nikamwambia mjukuu.

Kisha mzee akauliza nani aliyeondoa miiba iliyofunga mlango wa shamba. Mama wa mlimani alitazama chini, hakujua. Aliyejua ni bibi peke yake, na kama angenyamaza, angeshinda kesi. Nilimwona akitafuna midomo.

"Ni mi," akasema. "Nilifungua mangaribi, juu rafiki yangu asizunguke shamba na maziwa yake asubui."

Mama wa mlimani akaangua kilio. "Na mi niliacha ngombe bila muchungaji."

Wazee wakaamua kwamba kosa ni la wote wawili. Ndama alibaki kwa mama yake. Maziwa yangekuja kiangazi chote bila kudai unga, na mvua ya kwanza ikinyesha, nyumba zote mbili zingepanda pamoja na kula chungu kimoja. Na kweli wale wa mlimani walikuja, na watoto wao, na binti wa rika langu. Tulifukia mbegu kwa vidole vya miguu, tukala bugali na sombe, tukanywa maziwa, huku wale mama wawili wakitaniana nani mstari wake umepinda. Sijala tena chakula kitamu kama kile.

Lubondja niliikimbia, vita vilipoingia kati yetu na watu wa mlimani. Wao pia walikimbia, kila mmoja upande wake, na zaidi ya mara moja. Njia ile ya maziwa sasa inaogopwa na wa juu na wa chini. Nina hamu na mama yule, na binti yake, na harufu ile ya moshi, hata katika uzee huu.

Mjukuu aliandika mfano wangu wote, kisha akainua kichwa. "Koko, na vita ya leo? Kosa iko ya nani?"

"Sijui, mutoto wangu," nikamjibu. "Kwanza unitafutie binti ya ule mama. Tutembee naye mu shamba, mustari kwa mustari."