Santuri Iliyofunikia Viazi

Enzi zetu muziki haukuguswa kwa mikono michafu. Kabla baba hajafungua gramafoni, sote tulinawa, hata mgeni aliyekuja kusikiliza tu. Nyumba yetu, kwa mzee Ramadhani, hapa Njombe mjini, ilikuwa ndiyo pekee mtaani yenye mashine hiyo. Jumapili jioni watu walijaa sebuleni na masweta yao, ukungu ukiwafuata mpaka mlangoni. Betri tulizipasha kando ya jiko la mkaa, maana jua la kuzianikia halikuwa la kutegemea. Baba aliishika santuri kwa kingo, kama anayepokea mtoto mchanga, akaipuliza vumbi, akashusha sindano. Mikwaruzo ikisikika, alitukunjia uso sisi watoto.

Santuri aliyoipenda kuliko zote ilikuwa mkusanyiko wa nyimbo za bendi moja ya dansi. Alipewa na shemeji yake, mjomba wetu mwenye duka Makambako. Mjomba alikuwa amenunua mbili zinazofanana, moja akabaki nayo. Gramafoni yake ilikuwa kubwa kuliko yetu, na hakuchoka kutukumbusha.

Msimu mmoja wa baridi bibi, mama yake baba, alikuja kututembelea kutoka Wanging'ombe. Baba yuko kazini, mama yuko sokoni, bibi akabandika viazi na mfuniko hauonekani. Kule sebuleni akaona sahani nyeusi, pana, safi kuliko chombo chochote cha nyumba ile. Akafunikia sufuria. Mama aliporudi alipiga yowe, bibi akashangaa.

"Kelele za nini, mkwe wangu? Sahani nzuri hii. Hata tundu la mvuke wameweka."

Miaka mingi baadaye nilisoma mwenyewe jinsi joto linavyolainisha plastiki. Lakini hakuna kitabu kilichonieleza alichofanya baba. Hakuweza kumgombeza mama yake, wala kuwaambia wageni wa Jumapili kwamba fahari ya mtaa ilikuwa imechemshiwa viazi. Basi akaiweka santuri ile iliyopindapinda kama kawaida. Sindano ikapanda na kushuka kama lori kwenye barabara mbovu, na kila mzunguko sauti ikazama, kana kwamba waimbaji walikuwa wakichovywa majini na kutolewa. Wageni wakatazamana. Baba akakohoa.

"Huo ndio mtindo mpya," akasema. "Huko miji mikubwa siku hizi wanapiga hivyo."

Nani angembishia mwenye gramafoni? Haikupita miezi mtaa mzima ukawa unacheza mtindo mpya: sauti ikizama, magoti yanakunjwa; ikiibuka, unaibuka nayo. Wamama wenye watoto mgongoni walizama. Shuleni tulishindana kuzama. Dada yangu Tumaini alizama na ndoo ya maji kichwani, tone lisidondoke.

Kisha binti wa mjomba akaolewa, tukaenda Makambako mtaa mzima. Mjomba akaweka santuri yake, iliyolala sawasawa kama meza. Wimbo ni uleule. Watu wetu wakainuka kwa kujiamini, wakapanga mstari, na sauti isipozama, wao wakazama. Ukumbi mzima ukaacha kucheza, ukawatazama.

"Shemeji," mjomba akapaza sauti mbele ya wakwe wapya, "watu wako wana nini magotini?"

Watu wetu wote wakamgeukia baba. Mtu anayejua muziki Njombe alikuwa yeye. Akikiri hapo, atarudi nyumbani akiwa mwenye viazi. Baba akanyoosha tai. Akaisogelea gramafoni ile kubwa, akainama, akaikagua santuri kama daktari.

"Pole, shemeji," akasema. "Yako imechakaa. Imenyooka."

Akarudi kwenye mstari, akazama wa kwanza. Sherehe ilipokwisha, nusu ya Makambako ilikuwa inazama.

Tangu siku ile neno viazi halikutajwa karibu na gramafoni. Hata baada ya kumzika bibi, baba alishikilia kwamba ule ulikuwa mtindo.

Mwezi uliopita binti yangu Neema alikuja likizo akiwa na santuri mpya aliyoiagiza ng'ambo. Ni mkusanyiko wa nyimbo za bendi ya vijana waliojirekodi chumbani. Sauti zao ziko mbali, kama wanaimba chini ya blanketi, na zinayumba. Nilimuuliza kama imeharibika njiani.

"Baba, ndivyo inavyotakiwa! Wamefanya makusudi, isikike kama ndoto."

Vijana hawa simu zao zina nyimbo za dunia nzima, safi kama maji ya chemchemi, halafu wanalipia mikwaruzo tuliyokunjiwa uso kwayo. Na Neema mikono hakunawa.

Baba, ambaye sasa ni mzee wa kukaa karibu na jiko, alisikiliza ameinamisha kichwa. Sauti ikazama. Chini ya blanketi lake, goti likashuka kidogo.

"Mjukuu wangu," akasema, "na hii nani kaifunikia viazi?"

Mimi na Tumaini tulicheka mpaka machozi. Neema alitutazama, akangoja aelezwe, kisha akavaa hedifoni zake akaendelea kusikiliza peke yake. Siku hizi wanazama hivyo, kila mtu kivyake. Sisi tulizama mtaa mzima kwa pamoja, kwa sufuria moja ya viazi.