Ufunguo Uliovuka kwa Miguu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, wala si ya ujana wangu. Ujanani nilikuwa na baiskeli, na baiskeli haina siri: ukiikanyaga inakwenda, ukiiacha inaanguka. Siku ninayotaka kukusimulia nilikuwa tayari nina mvi hizi unazoziona. Lakini nilirudi utotoni siku hiyo, nikawa sijui mbele wala nyuma, tena mbele ya kadamnasi, ndani ya feri ya Likoni, nikiwa nimevaa joho.

Nakwambia haya kwa sababu nimeliona gari lako hapo nje. Nimekuona ukilizunguka na kulipangusa kwa kitambaa. Hongera, Mungu alitie baraka. Lakini keti kwanza, kahawa haijapoa.

Pikapu yangu ya zamani niliiendesha mpaka ikawa inaijua njia ya Mtongwe kuliko mimi. Ilikuwa na ufunguo wa kuchomeka na kuzungusha. Ikinguruma ulijua iko hai, ikinyamaza ulijua imezimika. Ilipokufa kabisa, wanangu waliniagizia gari kutoka Japani, la rangi ya fedha, linalotumia petroli na umeme kwa pamoja. Nilifurahi, siwezi kukuficha. Nilifurahi kama mtoto aliyeshonewa nguo ya Idi.

Aliyelileta ni kijana wa yadi ya magari kule Changamwe, Mutua, mtu wa Ukambani, mcheshi na mwenye haraka zake za kazi. Akaniambia, "Mzee, hii gari iko na mambo mingi. Tukae ndani kidogo nikuonyeshe." Sasa wewe unatujua sisi. Mgeni amefika mlangoni saa za chakula, utamkalisha ndani ya gari akusomeshe? Nilimwambia aingie nyumbani kwanza. Akanawa, akaletewa wali na samaki wa kupaka, akaletewa halua. Tukaulizana hali za wazazi, mvua za kwao, na kama ameshaoa. Alipofika kwenye kahawa simu yake ililia. Mkubwa wake anamtaka yadi. Basi somo la gari likawa la kusimama mlangoni: hiki cha kazi hii, kile cha kazi ile, hicho usikiguse. Na mimi kila neno nalijibu, "Naam. Naam." Kumwambia mgeni sijaelewa, na mkono wake bado unanukia samaki wangu, niliona ni kumvunjia heshima, kana kwamba nasema hajui kueleza. Akaaga, akaniachia kidude cheusi kisichozidi kiberiti, akasema ndio ufunguo. Ufunguo usio na jino hata moja!

Siku zilizofuata mimi na gari lile tulikuwa wageni wawili wanaooneana haya. Nikibonyeza kitufe cha kuwashia, kimya. Nabonyeza tena, kimya. Kumbe mara ya kwanza limewaka, na mara ya pili nimelizima mwenyewe. Mguu wangu wa kushoto ulizoea klachi, nao ulitafuta mpaka ukapata kanyagio pembeni, ukalikandamiza, na gari likakaa chini kama punda aliyegoma, maana lile ndilo la breki ya kuegeshea. Nikirudi nyuma, kioo kidogo kama cha runinga hapo mbele kinanionyesha banda langu la kuku lililo nyuma. Na juu ya yote, mlikuwa na bibi ndani yake akisema Kijapani. Anasema ukifungua mlango, anasema ukiwasha, anasema hata hujafanya kitu. Mke wangu Mwanaisha alimsikiliza siku ya kwanza, kisha akasema, "Umeniletea mke mwenza, tena hata salamu haitikii."

Jambo moja tu nililidhania nimelijua vizuri, nalo ni ule ufunguo. Niliona gari linawaka ufunguo ukiwa mfukoni mwa kanzu, linawaka ukiwa juu ya kiti, linawaka hata ukiwa umeanguka chini ya kiti. Nikakata shauri kwamba ni pambo, hauna kazi yoyote. Na kila aliyetaka kunielekeza nilimjibu kwa tabasamu, "Ujuzi hauzeeki, bwana."

Ndipo ikaja siku ya ndoa ya Zulfa.

Zulfa ni binti ya marehemu ndugu yangu Salim. Babake alifariki mtoto akiwa mdogo, akabaki na mamake huko Utange, ng'ambo ya maji, na tangu hapo mimi ndimi ami yake na baba yake. Walii wake, mwenye haki ya kumwoza, ni mimi, hana mwingine. Ndoa ilikuwa ifungwe baada ya sala ya alasiri, na mkono utakaoshikwa na bwana harusi ulikuwa ni huu wangu. Siku za mwisho za ugonjwa wake, Salim aliniambia, "Mtoto wangu usimwoze kwa mkono wa mtu mwingine." Nilimwahidi.

Tukatoka mapema: mimi, Mwanaisha, na nyuma kakaa shangazi yangu Bi Rukia, mzee kuliko sote, amejifunga buibui lake na udi unanukia gari zima. Mwanaisha akashauri tupite Dongo Kundu tutokee Miritini, tusihangaike na foleni ya feri. Nikasema feri ndiyo karibu. Kwa kuwa joho langu halikuwa na mfuko, na wa kanzu umefunikwa nalo, ule ufunguo nikampa yeye autie kwenye mkoba, pamoja na tende na chupa ya marashi.

Tulipofika kwenye foleni ya feri, jua linachoma, nikatafuta kitufe cha kuongeza baridi. Nikabonyeza kimoja chenye alama ya kiti. Kitambo kidogo Mwanaisha akaanza kujisogeza huku na huku. Akaniambia, "Bwana, kiti kinaniunguza." Nikamwambia ni jua. Akaweka kiganja chini, akaruka. "Jua gani linatokea chini?" Nikabonyeza vitufe vingine, waipa ya kioo cha nyuma ikaanza kufuta, redio ikawaka, bibi wa Kijapani akaanza kusema, kiti kikazidi moto. Mwanangu, watu waliotengeneza gari lile wana baridi kwao, wamelitilia kiti cha kuwapasha moto. Nani angenieleza hilo hapa Likoni?

Mwanaisha hakungoja. Na hata siku zote hakuwa akipenda kuvuka ndani ya gari. Husema majini anataka miguu yake ijue imekanyaga wapi. Akafungua mlango, akachukua mkoba wake, akasema tutakutana ng'ambo, akaingia kwenye umati wa waendao kwa miguu. Pale pale gari likaanza kulia, pii, pii, na mbele yangu pakawa panamulika kijipicha cha rangi ya njano. Bibi wa Kijapani akasema maneno marefu, kwa upole, kama mtu anayekusihi. Mimi nikamjibu kwa adabu, "Naam, bibi. Naam."

Foleni ikasogea, na gari likasogea. Nikaingia kwenye feri, nikawekwa ukingoni, binti mmoja wa kazi mle ndani, amevaa jaketi linalong'aa, akanionyesha kwa mkono nizime. Nikazima. Tukavuka salama, lango likashuka, magari ya mbele yakatoka. Nikabonyeza kitufe. Kimya. Nikangoja, maana nimeshajua kimya chake ni cha uhai. Nikakanyaga mafuta. Halikwenda. Nikabonyeza tena, mara hii pii moja na kile kijipicha cha njano, basi. Nyuma yangu honi, na mwenye lori ananiita majina ambayo sikuyasikia tangu nilipoacha mpira. Wakaja wanaume wakasukuma, magurudumu yamekaza kama yamepigwa msumari. Wengine wakapenya pembeni wakatoka, wapya wakaingia, na mimi nimekaa na joho langu. Feri haimngoji mtu. Lango likapanda, ikang'oka kurudi Likoni.

Simu ikalia. Ni Mwanaisha. "Mbona feri inaondoka na wewe?"

"Hata mimi sijui," nikamwambia, na wallahi sikujua.

Simu haijapoa ikalia tena: Athumani, mjomba wa Zulfa, kutoka Utange. Alasiri imeshaadhiniwa, bwana harusi amefika, sheikh anauliza. Akasema mambo ni mepesi, nimpe yeye uwakala kwa simu, aoze kwa niaba yangu. Ni kweli sheria inaruhusu. Nikafungua mdomo niseme sawa, nikasikia nyuma yake sauti ya Zulfa. Akaichukua simu. Hakusema mengi. "Ami, mimi nakungoja wewe." Akaikata.

Nilitaka kulia, mwanangu. Namwona Salim amelala, nasikia ahadi yangu, na mimi niko katikati ya maji ndani ya sanduku la fedha, sijui ninakosea wapi. Bora ningejua kosa langu. Kutojua hata kosa liko wapi ndiko kulikoniumiza.

Ndipo Bi Rukia akainama mbele kutoka kiti cha nyuma. Akaniuliza polepole, "Bakari, hini gari ina siku ngapi kwako?" Nikamwambia imelala kwangu Ijumaa mbili. Akasema, "Mgeni akilala kwako usiku mmoja, asubuhi hamuulizi yu nani na anakula nini? Hini imelala Ijumaa mbili, na kila ikisema weye wajibu naam. Naam ya nini? Umeelewa nini?"

Nikajitetea kwamba nimeendesha magari maisha yangu yote, na ujuzi hauzeeki.

"Ujuzi wako wa pikapu haujazeeka," akasema. "Wa hini haujazaliwa."

Nikafungua mlango, nikamwita yule binti wa jaketi. Akaja, akaniamkia shikamoo, na mimi badala ya marahaba tu nikaongeza maneno ambayo sikuwa nimeyasema tangu gari lile lifike: "Mwanangu, sijui. Hili gari silijui. Nisaidie."

Akachungulia kile kijipicha cha njano. "Mzee, huo ni ufunguo. Linauulizia ufunguo. Uko wapi?"

"Uko kwa mke wangu."

"Na mama yuko wapi?"

Nikageuka, nikanyoosha kidole kwenye ng'ambo tuliyoiacha. Binti akatazama kidole changu, akatazama bahari, akaziba mdomo kwa kiganja. Bi Rukia hakuziba. Alicheka mpaka buibui likamteremka kichwani.

Basi ikawa hivyo. Bibi wa Kijapani alikuwa akinisihi ukweli tangu mwanzo: mwenye ufunguo amekwenda zake. Likiwa limeshawaka linakwenda hata bila ufunguo, lakini ukilizima haliwaki tena mpaka urudi. Nikampigia Mwanaisha, nikamwambia asitoke pale alipo, na mkoba asiuachie. Feri ikafika Likoni, ikashusha, ikapakia, ikageuka. Safari ile ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko miaka. Lango lilipogusa ng'ambo nilimwona anashuka mteremko kinyume na watu, ameukumbatia mkoba kama mtoto mchanga. Hajafungua mlango bado, gari likaamka. Bibi wa Kijapani akasalimia. Mwanaisha akakipapasa kwanza kiti kile kile, akasema, "Leo, mke mwenza, umeniokolea mume." Akaingia, nikabonyeza kitufe, tukatoka.

Tulifika Utange jua limeelekea magharibi, watu wamekaa msikitini wanasinzia. Hakuna aliyenilaumu. Mkono wa bwana harusi ulikuwa umelowa jasho, na wangu pia. Nikamwoza binti ya ndugu yangu kwa mkono wangu mwenyewe, na bwana harusi akajibu amekubali. Kabla sijamwachia mkono nikamwinamia sikioni, nikamwambia, "Mwanangu, unaingia katika nyumba usiyoijua. Usijibu naam kabla hujaelewa. Umenielewa?"

Akanijibu, "Naam, ami."

Mpaka leo sijui ilikuwa naam ya namna gani.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni fupi kuliko kisa. Kuuliza si ujinga, ujinga ni kuitikia. Hilo gari lako usilianze siku ya safari. Liketie siku ya utulivu, limesimama, huna pa kwenda. Gusa kila kitufe, ukione kinafanya nini. Ujue kanyagio la pembeni ni la nini, ujue kiti kinapozimwa, ujue kila taa ya njano inakuomba nini. Aliyekuletea gari akianza kukueleza, chakula kiache kipoe, kitapashwa. Na akimaliza, mwambie, "Rudia, sijaelewa." Hakuna mgeni aliyewahi kukasirika kwa kusikilizwa. Na haya si ya gari pekee. Kazi mpya ni hivyo, ndoa ni hivyo, hata uzee wenyewe, ambao mimi bado najifunza vitufe vyake.

Mungu akupe ulimi wa kuuliza na subira ya kungoja jibu. Akufikishe kila uendako, na unaowaendea awakalishe wakikungoja. Gari hili likubebee heri, lisikubebee msiba. Amin.

Haya, nenda. Lakini kabla hujafunga mlango, nionyeshe kwanza: ufunguo uko wapi?