Tovuti Yenye Namba ya Jirani

Jumanne nilikwenda kutoa kopi kwenye stesheneri moja ya Keko, mtoto mgongoni. Binti mwenye duka ameanza kutengeneza tovuti, na siku hiyo alikuwa anamkabidhi kazi mteja wake wa kwanza, mzee fundi makochi. Mzee alivua kofia kabisa, akaisogelea kompyuta.

"Nzuri, mwanangu. Namba ya jirani yangu iko wapi?"

"Jirani yupi, baba?"

"Wa vitanda. Mie natengeneza makochi tu."

"Baba, hii ni ya kukutangaza wewe! Huyo si mnagombania naye wateja?"

"Anayetaka kitanda akija kwangu, namshika mkono mpaka kwake. Sasa huko mtandaoni nitamshikaje? Nimwache kasimama mlangoni?"

Binti alinitazama kama anayeomba msaada. Nikajifanya nambembeleza mtoto, ambaye alikuwa amelala fofofo.

"Bila namba yake sipokei kazi," mzee akasema, akakunja mikono.

Binti akaguna, kisha akacheka mwenyewe. Chini ya picha za makochi akaandika: "Vitanda, muulize jirani yangu," na namba aliyotajiwa. Mzee akasoma polepole, kidole juu ya kioo, akaitikia kwa kichwa. Kazi ikapokewa.

Wajuzi wa matangazo ya mtandaoni watamcheka mzee huyu. Hata mimi nilimcheka kidogo. Halafu nikaazima kalamu nikainakili ile namba ya vitanda, maana mwanangu bado analala katikati yetu, na mateke yake hayana huruma.