Veranda ya Jengo la Gazeti

Nakumbuka siku moja nilipoteremka Nakuru kutoka Keringet, mwanangu, nikiwa msichana wa kiuno chembamba. Usicheke, kilikuwepo! Nakusimulia leo kwa sababu nimesikia mnayoyapanga. Wewe na wenzako wa chama chenu cha uwekezaji mmenunua lile jengo la zamani la gazeti, pale katikati ya mji, na kesho mnakaa kupiga kura: libomolewe mjenge plaza ya vioo, au likarabatiwe. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Hebu keti kwanza unisikilize.

Wakati huo gazeti lilichapwa mle ndani, na kwenye veranda, kati ya zile nguzo za mawe, kulikuwa na ubao mkubwa. Gazeti la siku lilibandikwa pale, kila mtu asome bure. Watu wa mashambani, wa Ndabibi, wa Longonot, wa kwetu, wakishuka mjini walipitia pale kabla hata ya kwenda sokoni. Wengi wetu hatukujua kusoma. Kwa hivyo yeyote aliyejua alitusomea kwa sauti, na palikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: msomaji huanza na matangazo ya vifo. Siasa baadaye, mpira baadaye.

Siku hiyo nilikuwa nimemsindikiza jirani yetu, Mama Chepkoech. Alikuwa amepata fununu kwamba kaka yake, aliyefanya kazi kwenye shamba moja huko Ndabibi, amefariki. Fununu tu. Hakujua kama ni kweli, wala mazishi ni lini, na tangu alfajiri hakuwa ametia kitu kinywani.

Tukamkuta kijana mmoja mrefu ubaoni, suruali pana miguuni, nywele amezichana zikasimama wima. Aliponiona, we! Akakohoa, akainua sauti, akaanza kusoma mpira. Alisoma mabao yote, nani kafunga na nani kakosa, huku akinitupia jicho. Mimi nikajifanya naangalia nguzo.

Mzee mmoja wa Longonot, mstaafu wa reli, akagonga sakafu kwa bakora. "Wee kijana! Hapa tunaanza na waliotutoka. Hao wachezaji wako ni wazima, watangoja!"

Watu wakacheka. Kijana akahamia kwenye vifo, akasoma jina moja, akasoma la pili, na lililofuata likawa la kaka yake Mama Chepkoech. Mazishi yalikuwa siku hiyo hiyo, alasiri, huko Ndabibi.

Woi, yule mama alipiga yowe! Wanawake ambao hawakumjua, wa kabila hili na lile, wakamshika mabega. Na ng'ambo ya barabara basi la Naivasha lilikuwa tayari linanguruma kuondoka. Kijana hakungoja kuambiwa. Alitoka mbio akasimama mbele ya basi, mikono ameitanua, dereva akipiga honi na kumtukana, mpaka tukafika na Mama Chepkoech akapanda. Aliwahi. Alimwaga udongo kwenye kaburi la kaka yake kwa mkono wake mwenyewe, na hadi uzeeni akilitaja jengo lile alikuwa akiliombea.

Wiki iliyofuata nilirudi Nakuru. Usiniulize nilifuata nini, sikuwa na shida yoyote mjini. Kijana alikuwa ubaoni. Akasoma vifo vyote kwa heshima, kisha akamgeukia yule mzee: "Mzee, sasa mpira naruhusiwa?" Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Basi huyo ndiye babu yako, na bila ile veranda hata wewe mpiga kura hungekuwepo!

Utaniambia mimi bibi yako, "Gogo, siku hizi kila mtu ana simu." Najua, hata mimi ninayo. Habari za msiba hunifikia nikiwa peke yangu jikoni, na hakuna wa kunishika bega.

Kwa hivyo nasaha yangu ni hii. Kabla hujabomoa mahali, uliza watu walifanyiana nini pale. Tengenezeni paa, pakeni rangi, wekeni maduka yenu ndani mpate riziki, sikatai. Lakini veranda na ubao viacheni. Usiache mbachao kwa msala upitao. Plaza mtajenga popote, ila veranda ile ikishaanguka hakuna fundi wa kuturudishia. Kesho wakiuliza nani anataka jengo libaki, usiangalie nyuso za wenzako kwanza. Inua mkono. Wakikushinda, waambie nakuja mwenyewe, na mimi sijui kuzungumza kwa ufupi.

Mungu akupe ulimi wenye adabu na moyo usiotetereka. Akujalie mji ambao mgeni akilia, kuna watu wa kumshika. Nenda na baraka zangu, mwanangu.