Viazi vya Juu ya Handaki

Wenzangu mliobeba githeri kwa mkebe shuleni, nyinyi mnajua: sisi hatukufundishwa kulima, tulikabidhiwa jembe tu. Mvua ya masika ikikaribia, mlima ukijifunika mawingu kutwa nzima, kila mama hapa Nyeri alimkatia mtoto wake kipande cha shamba. Ukivuna, umekuwa mtu. Usipovuna, utasimangwa mpaka Krismasi.

Mwaka wangu wa kwanza nilipewa kipande ambacho hakuna aliyekitaka. Wakati wa hali ya hatari ya mkoloni palikuwa na handaki pale, refu, lenye vigingi vilivyochongwa ncha, limezunguka kijiji chote. Watu walichimbishwa kwa nguvu. Baadaye likafukiwa, na wakubwa hawakulitaja tena. Lakini watoto wana masikio. Binamu yangu Nyawira, mchokozi yule, aliniinamia akaninong'oneza, "Ati huko chini wamelala watu. Wewe chimba tu, utashika mkono."

Jamani, niliogopa! Nilikaa na kikapu changu cha mbegu, machipukizi meupe ya viazi yamechomoza kama vidole, nikaona siwezi. Nikakwaruza udongo kwa ncha ya panga, nikavifunika viazi vile kama paka anavyofunika uchafu wake, nikatimua mbio. Jioni nilisugua mikono kwa jivu mpaka ikawasha.

Mvua ya kwanza ilivifukua vyote. Vikabaki juani, vikageuka kijani, na Nyawira akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Mama hakunichapa. Alisema tu, "Wangari, viazi havipandwi kwa kucha. Twende."

Akashika jembe mwenyewe. Mama yangu alikuwa mkulima wa mbio, kijiji kizima kilijua, lakini siku ile alipiga jembe mara moja, akasimama, akapiga magoti, akaupapasa udongo kwa vidole. Akapiga tena, akapapasa tena. Kulikuwa na baridi ya kukata masikio na yeye anatoka jasho. Hapo ndipo hofu iliponishika kweli, maana mpaka siku ile nilidhani watu wazima hawaogopi.

"Maitu, unatafuta nini?"

"Mawe," akajibu bila kunitazama.

Mara jembe likagonga kitu, ko! Mama akalitupa pembeni, akaanza kufukua kwa mikono, pumzi juu juu, akiita kwa sauti ndogo, "Ndegwa? Ndegwa?" Ndegwa alikuwa mdogo wake, mjomba wangu. Asubuhi moja alichukuliwa na jembe lake begani kwenda kuchimba handaki lile, na hakurudi. Nyumbani kwetu jina lake halikutamkwa. Nikafumba macho.

Nilipoyafumbua, mama alikuwa ameshika kigingi kilichooza, ncha yake imeliwa na mchwa. Alikitazama, akalia kwa sauti, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona akilia. Kisha akajifuta kwa leso.

"Panda," akasema. "Na uzamishe vizuri."

Viazi vile vilizaa ajabu. Vilipoiva, mama alivimenya taratibu, akala. Mimi kila tonge nilimeza kwa woga.

Siku hizi wajukuu wangu wanalima kwenye veranda mjini! Sukuma wiki ndani ya gunia, glavu mpaka kwenye viwiko, na mche haujamwagiwa maji umeshapigwa picha. Udongo wenyewe wananunua kwa mfuko. Udongo wa kununua, jamani, sisi tuliokuwa tukichapwa kwa kuuingiza nyumbani na miguu! Ninawacheka, lakini hawauogopi udongo hata kidogo, na kwa hilo ninawaonea wivu.

Juzi waliniomba niwasaidie kujaza gunia. Nikainama, nikamimina, na kabla sijajijua vidole vyangu vikawa vinapapasa udongo ule wa dukani, konzi kwa konzi, mpaka chini kabisa.

"Cucu, unatafuta nini?" mdogo wao akaniuliza.

"Mawe," nikamwambia.